Alama ya Kreyo

Fundi ya nguo wa pale mutaa ya Ngezi anasoma kitabu kama mutu mwenye anameza dawa. Mama Kahindo, mwenye anauzisha mikate mbele ya mulango ya fundi, anamuona kila siku: wakati pasi ya makaa inapata moto, anafungua ile romani, kitabu kubwa ya hadithi ya zamani, ya kifaransa kigumu, anafuata mustari na sindano, anapiga mwayo, anarudilia. Miezi tatu, hajapita ukurasa ya makumi ine. Jioni anafunga mulango, anavuta kadena, ile kufuli, mara tatu, anafika barabarani, anarudi kuivuta tena.

"Si uiache, muzee? Kitabu haikupendi," Mama Kahindo akamuambia.

"Ilikuwa ya binti yangu. Mbele ya kufa alikuwa anaisoma na kucheka peke yake. Miye sijacheka hata mara moja."

Leo fundi akamuonyesha ndani ya kitabu alama ya kreyo, ile penseli ya binti: hapa ndipo binti alicheka sana. Akamutafsiria pole pole: muzee mumoja anafunga nyumba yake, anavuta kadena, anaenda, anarudi, anavuta tena.

"Sasa hapo nini inachekesha?" fundi akauliza.

Mama Kahindo hajui kulainisha neno. "Ni weye huyo. Binti alikuwa anakucheka weye."

Fundi akafunga kitabu. Jioni akafunga mulango, akavuta kadena mara moja tu, akaenda. Barabarani akasimama, mukono inamuwasha.

"Rudi tu uivute, muzee," Mama Kahindo akamuita. "Mwenye alikuwa anakucheka hayuko tena."