Jetoni Chini ya Karanga

Mume wangu hakupenda kuonekana anashinda. Tuliishi Nyamugari, Gitega, miaka ile ya wakimbizi kurudi nyumbani, sote wawili tukiwa tumekulia kambini Tanzania. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Jumapili, baada ya ibada, alicheza karata katika chumba cha nyuma cha baa ya Mkongomani mmoja wa Kivu Kusini. Humo noti hazikuwekwa mezani. Ulinunua jetoni, vidude vya plastiki vya duara, nyeupe za thamani ndogo na nyekundu za thamani kubwa, na ukiondoka ulibadilishiwa kwa pesa.

Aliyeshinda sana aliandamwa. Wenzake walitaka awanyweshe bia, wengine walimwita mchawi, na mwenye baa alimwambia asirudi. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na namna yake. Mbele yake zilibaki nyeupe chache tu, zimetawanyika kama za mtu anayekaribia kuishiwa. Hakuzipanga, hakuzichezea kwa vidole. Akishindwa kidogo alilalamika mpaka watu wakacheka. Mimi nilikaa nyuma yake na karanga kwenye karatasi. Aligeuka kuchota, kiganja kikakawia kidogo, na nyekundu zikabaki chini ya karanga. Nilizifunga kwenye pindo la kitenge, tukazibadilisha kidogo kidogo siku nyingine.

"Mama, bwana yako leo iko anapoteza tena," mwenye baa aliniambia. "Usimukasirikie."

Nilimjibu nimezoea. Moyoni nilikuwa na raha. Kati ya watu wote mle ndani, mkono ule niliujua mimi peke yangu.

Jumapili moja nilibaki nyumbani na homa. Alasiri homa ikapungua, nikaenda. Nilipofika mlangoni nilimkuta mwanamke muuza mayai ya kuchemsha ameinama kando ya mume wangu, beseni mkononi, mtoto mgongoni. Mume wangu akachagua yai. Kiganja chake kikakawia ndani ya beseni, kwa utulivu ule ule. Yule mwanamke akafunika mayai kwa kitambaa, akatoka, akanipita. Mtoto alikuwa mkubwa kidogo kwa kubebwa. Alikuwa na masikio ya mume wangu.

Hakuna mwingine aliyeona kitu. Niliketi mahali pangu mpaka mchezo ukaisha. Njiani nikamuuliza, "Yule wa mayai ni nani?"

Akasema, "Ni mke wangu."

"Mke wako alikufa. Ulimwambia hivyo mama yangu, nikiwa nimekaa hapo."

"Niliambiwa amefia njiani, na mtoto tumboni, wakati watu wanarudishwa. Aliyeniambia alikosea."

"Umejua lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na mimi nilikuwa nakuletea karanga."

Alitaka kunishika bega, nikasogea.

Kesho yake niliulizia, nikamfuata yule mwanamke mahali alipopanga. Alikuwa anamenya ndizi. Aliponiona alifuta mikono, akanipa kigoda chake, yeye akakaa chini.

"Dada, umekuja kunifukuza?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu alfajiri. Nikamtazama mtoto aliyelala kwenye mkeka, nikayakosa.

"Alikwambia nipo?"

"Alinambia. Nililia, halafu nikasema ningefanya nini? Mimi ndiye niliyekufa."

Alinipa ndizi mbili zilizoiva, nikazipokea kwa kuwa sikujua kukataa. Sikumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningeweza.

Wiki ile ile nilirudi kwa mama, Buhinyuza, mkoa wa Muyinga. Mume wangu alinisindikiza mpaka kwenye gari, akabeba mzigo wangu, akaomba nibaki, akisema angetutunza sote. Niliamini kwamba angejaribu. Nilipanda.

Mama alinikuta nimekaa kwenye mzigo uani.

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikunyima chakula?"

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini umerudi, mwanangu?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yule mwanamke naye ana mama yake mahali fulani, na mama huyo siku hizi anacheka kwa kuwa mwanawe yu hai. Nilidhani ningemkasirikia kwa neno lile. Nililaza kichwa mapajani mwake, mtu mzima kama mimi, nikalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.