Vacuum yangu ilikuwa inazima kwenye gari moja tu, nikamsingizia mzee wa watu

Wakuu, mwangaluka.

Naandika nikiwa hapa hapa Bariadi, kijiweni kwangu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na hata sehemu za aibu sijazikata. Mtanicheka, sawa tu.

Iko hivi. Nina car wash ndogo. Tupo wawili, mimi na shemeji yangu Kabula, mdogo wake wife. Mwaka huu tukavuta vacuum cleaner, ile ya dumu la chuma yenye matairi. Huku kwetu vumbi si la kitoto. Gari ikitoka Meatu, kwenye carpet yake unaweza kupanda mtama.

Mashine ikapiga kazi. Gari ndogo dakika tano, imeisha, njoo nyingine.

Tatizo likaja na Mzee Limbu.

Huyu ni mkulima wa pamba kule Nkoma, ana double cabin ya kijivu. Mkimya. Ukimsalimia anakuangalia kwanza, ndipo anaitikia.

Siku ya kwanza niko katikati ya kazi kwenye gari yake, vuuup. Mashine kimya. Nabonyeza switch, hola. Nabadili soketi, hola. Tukamalizia kwa ufagio, mzee akaondoka.

Baadaye ikaja gari ya mwalimu mmoja. Nikawasha kujaribu bahati tu. Mashine hiyooo, inanguruma!

Nikasema ni umeme.

Wiki iliyofuata mzee karudi, ikazima. Kaondoka, ikawaka. Nikaita fundi, akabadili carbon brush, akabadili na switch, akaniambia hii sasa mpaka uzeeke nayo. Mzee kaja mara ya tatu.

Vuuup.

Kabula akaweka mpira wa kufyonzea chini taratibu. "Shemeji, mimi hii gari siigusi tena. Ina mambo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Badala yake nikaenda kula kwa mama ntilie, nikaisimulia yote. Watu wakacheka, nikanogewa, nikaongeza chumvi kwamba mashine ilitetemeka kabla ya kuzima.

Haikutetemeka, wakuu.

Siku chache tu, bodaboda hawataki kupaki karibu na ile gari. Na huku kwetu maneno ya uchawi si ya utani. Mimi ni mzaliwa wa huku, nilijua, na bado nilisema.

Jumamosi moja asubuhi mzee akaja. Hakusalimia.

"Ni wewe unayesema mimi nogi?"

Nogi kwa Kisukuma ni mchawi.

"Binti yangu anaolewa. Wakwe wa Lagangabilili wamekataa hii gari isimbebe. Sasa washa mashine yako. Mimi nakaa hapa."

Nikawasha. Nimefika siti za nyuma, ikazima. Kugeuka, Kabula yuko ng'ambo ya barabara.

Mzee akainuka, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Ina moto kama ugali. Inapumulia wapi?"

"Sijui, mzee."

"Una mashine, na hujui inapumulia wapi?"

Kumbe ujanani alikuwa kwenye mitambo ya kiwanda cha kuchambua pamba! Akafungua vibanio, akanyanyua kichwa chenye mota. Chini yake kuna filta. Mimi dumu nilikuwa namwaga kila siku, ila filta sikujua kama ipo. Ilikuwa imevaa vumbi na nyuzi za pamba, nene kama blanketi la hospitali.

Akanieleza kama anamweleza mtoto. Hewa ndiyo inayopoza mota. Filta ikiziba, mota inachemka, inajizima yenyewe isije ikaungua. Ikipoa inakubali kuwaka. Gari ndogo zilikuwa zinaisha kabla haijachemka. Yake ni kubwa, halafu imejaa pamba. Na mpaka sisi tumalize na ufagio yeye aondoke, mota imeshapoa.

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha.

"Usinipe mimi. Ibebe hiyo radhi na hicho kifaa. Panda gari."

Wakuu, nilipelekwa mpaka Lagangabilili nimepakata filta chafu. Kikao cha harusi kimejaa, nikasimamishwa mbele. Nikaeleza mambo ya hewa na mota, nyuso zote kavu. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mwenye sauti, akaniuliza:

"Kwa hiyo mgonjwa ilikuwa mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Gari haina kitu?"

"Haina."

"Na wewe ulikuwa unaumwa nini?"

"Mdomo, mama."

Kikao kikalipuka kwa kicheko. Mzee Limbu peke yake hakucheka, ila nilimwona kainama, mabega yanaruka.

Bibi harusi alipanda ile double cabin. Niliisafisha mwenyewe, bila malipo, na vacuum, filta nimeshaiosha, ikafika mwisho bila hata kukohoa.

Nilichojifunza: mashine ikizima, angalia filta na mpira kwanza, iache ipoe, ndipo uite fundi. Na jina la mtu usilitie mdomoni kwa sababu ya kitu ambacho hujakifungua ukaona ndani.

Sasa juzi kuna jamaa kanivuta pembeni. Ananong'ona nimuunganishe na Mzee Limbu, anataka na gari yake iogopwe hivyo hivyo, amechoka na ndugu wanaoiazima.

Nimemwonyesha filta. Hataki kuamini, anasema nambania.

Wakuu, huyu nimjibu nini?