Fundi vigae aliyedanganywa na kamba

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi ameshapiga magoti. Anatandaza udongo wa saruji, analaza kigae, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anasikiliza. Kikilia kama debe tupu, anakibandua na kuanza upya. Huu ni ukumbi wa kusubiria wagonjwa katika zahanati mpya. Ni siku ya nne, na leo lazima uishe.

Vigae hivi vya kijani ndivyo vya mwisho. Duka limemaliza na kiwanda hakitengenezi tena rangi hii. Aliyesema yanunuliwe maboksi 49 ni fundi mwenyewe. Yakipungua, ukumbi utabaki na kiraka, na kazi ya ghorofa ya juu atapewa mwingine.

“Hiyo arobaini na tisa imenikaa kichwani,” anasema mama huyu wa watoto wawili, ambaye mafundi wenzake humwita Kamba. “Leo nimemuuliza mume wangu, ‘Umeamkaje, arobaini na tisa?’”

Jina la Kamba alilipata kwa mjomba wake, aliyemfundisha kazi miaka kumi na mmoja iliyopita. Mjomba hakuwa na haja ya kalamu. Alizungusha kamba chini ya kuta zote nne mpaka irudi ilipoanzia, akahesabu mita, akaagiza maboksi idadi hiyohiyo, maana boksi moja hufunika mita moja ya mraba. Na vigae vilitosha.

Vilitosha kwa sababu vyumba vyote walivyopewa vilikuwa vya mita nne kwa nne. Kukizunguka chumba hicho ni mita 16. Kukifunika ni mita za mraba 16. Namba zilifanana kwa bahati tu, nao wakaiita bahati hiyo ufundi.

Mwaka jana bahati ikakatika. Fundi alipewa korido ya mita kumi kwa mbili na sebule ya sita kwa sita. Kamba ikasoma 24 kote kuwili, akaagiza 24 na 24. Korido ikabakiza maboksi manne. Sebule ikapungukiwa kumi na mawili. Alidhani ameibiwa, akamshutumu mwenye duka mbele za watu.

Aliyemfungua macho ni dada yake, fundi cherehani.

“Alinisikiliza nikilalamika weee, kisha akaniuliza, ‘Mdogo wangu, kitambaa cha meza na lesi ya kukizungushia, vyote ninunue kwa kipimo kimoja?’ Nikamwambia hapana. Akasema, ‘Basi wewe miaka yote unanunua kitambaa kwa kupima lesi.’”

Siku hiyohiyo alifunga kamba ncha kwa ncha, akaitandaza uani. Akaifanya mstatili mwembamba, akaujaza vipande vya vigae. Akaivuta iwe mraba, akajaza tena. Kamba ni ileile, vigae vikaongezeka.

“Nilirudia mara saba. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia kama niko salama.”

Kesho yake alikwenda kumwomba mwenye duka radhi.

Sasa mzingo anaupima kwa ajili ya vigae vya ukingo vinavyozunguka chini ya ukuta, basi. Akitaka eneo la sakafu, anazidisha urefu kwa upana. Ukumbi huu ni tisa kwa tano: maboksi 45, na manne ya kufidia vigae vinavyokatwa. Kamba ya mjomba ingempa 28.

Saa tisa alasiri kigae cha mwisho kinaingia konani. Ndani ya boksi vimesalia vitatu. Msimamizi wa ujenzi anavihesabu, anarudia kuvihesabu, kisha anamwambia kwamba huko juu kuna chumba kimekunjika kama kiwiko. Atakiweza?

Fundi ameshasimama, saruji imemganda magotini.

“Nitakigawa vipande viwili, kila kimoja nikizidishe peke yake, halafu nijumlishe,” anasema. “Namba utaipata kabla jua halijazama, bosi wangu. Nionyeshe ngazi tu.”