Mkono wa Mama Mkwe

Obonyo alikuwa amepima presha ya mtaa mzima ulio juu ya ufuo wa Dunga, hata ya mchungaji aliyedai kwamba presha yake inashughulikiwa na Bwana mwenyewe. Nyumba moja tu ndiyo iliyomshinda, nayo ilikuwa ya mama mkwe wake.

Msimcheke. Obonyo ni Mjaluo, mkewe Nasambu ni Mbukusu, na kama kuna jambo ambalo jamii hizo mbili hazijawahi kubishania, ni heshima ya mkwe. Mkwe hashikwi mkono. Na mkwe hamli meza moja. Mkikutana njiani, mmoja wenu anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Mama mkwe huyo, Mama Nabalayo, alipofiwa na mumewe akahamia Kisumu, akapanga chumba karibu na binti yake, Obonyo alianza kwenda kazini kwa njia ya nyuma yenye matope, na hakuna jirani aliyemwona mjinga.

Kazi yake ya kumlisha ni ufundi wa baiskeli. Ile nyingine, ya uhamasishaji wa afya, ndiyo aipendayo, maana kwa mkoba ule wa mgongoni na mashine ya presha watu humwita daktari, naye hajawahi kumkosoa hata mmoja. Siku alipofundishwa kazi hiyo alisikia jambo ambalo halikumtoka kichwani. Zamani presha ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa wakubwa wenye magari na vitambi. Mwaka baada ya mwaka imewashukia watu wa kawaida, hadi leo karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya anayo, na wengi wao hawajapimwa hata mara moja. Obonyo alirudi nyumbani siku hiyo akihesabu majirani kwa macho.

Na kila akihesabu alimfikia mama mkwe. Mama Nabalayo alikuwa akikaanga samaki na kuuza karibu na ufuo, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, na chumvi alikuwa akitia kama anayemzika samaki. Siku hizo kicheko kilikuwa kimepungua. Alikuwa akijifunga leso kichwani kwa nguvu na kulalamika kwamba masikio yanavuma, lakini ukimtajia hospitali alisema ni moshi wa mafuta. Obonyo alimpenda sana mama huyo, kwa mbali kama inavyotakiwa, na aliogopa kwamba siku moja ataletewa habari kuwa ameanguka juu ya karai.

Kwanza alimtuma Nasambu na mashine. Nasambu akaifunga juu ya sweta, mashine ikahema, ikashindwa kusoma. Mama Nabalayo alifurahi mno.

"Umeona? Hata mashine imetafuta ugonjwa ikakosa."

Ndipo Obonyo akaja na mpango wake. Jumapili, baada ya kanisa, aliketi kwenye kizingiti nje ya chumba cha mama mkwe, ameupa mlango mgongo, mashine ikiwa mapajani. Mpira wa mashine ukapita chini ya pazia hadi ndani, ambako Nasambu alimvua mama yake sweta, akaulaza mkono wake juu ya kigoda na kuufunga vizuri kwenye ngozi. Wapita njia walisimama kutazama mtu anayepima pazia.

"Mwambie Mama asiongee," alisema Obonyo.

"Mwambie huyo baba mimi siongei," ilijibu sauti ya ndani, na ikabidi waanze upya.

Mia moja tisini na sita, chini yake mia moja na kumi na nne. Obonyo alingoja kidogo, akapima tena. Ilikuwa vilevile.

"Nasambu, mwambie Mama hiyo ni ya kuenda hospitali leo leo."

Akamsikia mkewe akisema ndani, kwa sauti tamu ya kumbembeleza mtoto, "Mama, anasema iko juu kidogo tu. Upunguze chumvi."

Obonyo alishikwa na hasira, na nyuma ya hasira ilikuwa hofu tupu.

"Mama, si kidogo!" alisema mwenyewe, bado akitazama barabara. "Hiyo presha inaweza kukuangusha leo. Mimi naogopa, Mama."

Ndani, Nasambu hakujua ajifiche wapi. Kisha mama mkwe akasema, "Muulize yeye amepimwa lini."

Hajawahi. Alikuwa na miaka thelathini na sita, anaendesha baiskeli kutwa, angejipimia nini? Alijifunga mashine ili amalize ubishi tu. Nasambu alitoka akachungulia, akasoma namba kwa sauti, safari hii bila kupunguza chochote. Mia moja sitini na mbili kwa mia moja na nne.

Wakaenda wote wawili alasiri hiyo, Nasambu akibaki na watoto. Kwenye benchi la zahanati waliacha nafasi ya mtu kati yao, na jamaa mmoja mnene alipokuja kuijaza, wote wawili walishukuru Mungu. Walipimwa tena na tena, wakaulizwa maswali mengi, kila mmoja akapewa vidonge vyake na kuambiwa ameze kila siku, hata akijisikia mzima. Maneno hayo Obonyo alikuwa amewaambia watu mtaani hadi akayachoka. Akatia pakiti mfukoni.

"Sista, mimi nitaanza Jumatatu ile nyingine," alisema. "Wacha kwanza nipunguze chumvi nione."

Yule jamaa mnene alikuwa ameshaitwa ndani. Mama Nabalayo aligeuza uso ukutani.

"Baba Sheryl," alimwita kwa jina la mjukuu wake, na hakuwapo mtu wa kutumwa kati yao. "Baba yake Nasambu pia walimpea dawa. Akasema ataanza Jumatatu. Tulimzika Jumamosi. Mimi sitaki mtoto wangu akae mjane vile nimekaa."

Alimeza kidonge chake, akanywa maji ya chupa yake, kisha akaiweka chupa ileile kwenye nafasi iliyokuwa kati yao, akaisukuma upande wa mkwe wake.

Obonyo akatoa pakiti mfukoni, akameza kidonge kwa maji yale.