Maziwa ya Macho

Niseme ukweli, mbwa sikuwa nampenda hata kidogo. Kwetu mbwa analala nje, anakula ukoko, anabweka, basi. Huyu korgi, mbwa wa kizungu, niliachiwa na daktari wa kigeni niliyekuwa nikimfulia nguo hapa Ifakara. Mkataba wake uliisha, akashindwa kusafiri naye, akanikabidhi huku analia. Nilimpokea kwa aibu tu. Mbwa mrefu kama benchi, na miguu mifupi mpaka tumbo linafagia uwanja. Jirani yangu alipomwona akaniuliza, “Dada, na hiyo miguu iliyobaki wataileta lini?”

Aliyempokea hasa ni baba yangu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nikamleta baba akae nasi, na kazi yake ikawa kukaa ukutani kutwa nzima, hata uji hataki. Mbwa akamganda. Baba akienda chooni, mbwa mlangoni. Baba asipokula, mbwa naye hagusi sahani, anamtazama tu. Siku moja nikamsikia baba akimwambia, “Basi tule, mwenzangu, wasije wakatusema.” Niligeukia mafiga nikalia. Wanangu wawili mbwa alikuwa akiwaswaga kama mbuzi, anawagusagusa visigino mpaka waingie ndani, na baba anacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko cha baba kikoje.

Sasa huku kwetu mvua zikianza watu wanahamia shamba la mpunga, huko bondeni, mpaka mavuno. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi kwamba mbwa huyu asipelekwe kwenye mbung'o, wale nzi wanaouma ng'ombe. Mbwa wa kienyeji huvumilia, huyu hataweza. Nilisikia vizuri. Lakini kumwacha mbwa mjini ilikuwa ni kumwacha baba pia, maana asingekubali kuachana naye, na ndege wa mpunga nani angewaamia? Nikajisemea, aa, mambo ya wazungu hayo, mbwa ni mbwa. Baba sikumwambia neno. Tukafunga mizigo, mbwa tukampakia juu ya magodoro.

Mwanzoni alifurahi kuliko sisi sote. Baba akigonga debe kufukuza ndege, yeye anabweka, anakimbia, anazama kwenye tope, baba anashuka kumchomoa huku anamtukana kwa mapenzi. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, mbwa akaanza kuchoka. Uso ukavimba, macho yakaingia ukungu mweupe. Baba alimkagua akasema, “Swila huyu, amemtemea.” Na bondeni hakuna asiyejua kwamba nyoka huyo akikutemea machoni, unaosha kwa maziwa. Kila asubuhi baba alivuka maji ya magoti kwenda kwa wafugaji wa Kisukuma, akarudi na maziwa kwenye chupa, akamlaza mbwa mapajani na kumimina polepole. “Vumilia, mwenzangu. Kesho utaniona.” Alifanya hivyo siku nane. Macho yalizidi kuwa meupe na mwili ukaisha.

Mimi nilianza kushuku siku ya tatu, kwa sababu mate ya swila hayamkondeshi mtu. Lakini ningeanzia wapi? Nimwambie baba kwamba nilionywa? Mdomo wangu huu, unaogombana na soko zima, ukafa ganzi. Nikawa namchemshia baba chai anaporudi na ile chupa, namuuliza kama maji yamepungua.

Siku ya tisa mbwa hakusimama. Tukapanda pikipiki mimi na baba, mbwa katikati yetu ndani ya kitenge, mpaka Ifakara kwa bwana mifugo. Alimfunua macho, akampima joto, akamtoa damu sikioni akaenda kuitazama. Aliporudi alisema, “Mzee, hapa hakuna nyoka. Ni ugonjwa wa mbung'o. Nitamchoma sindano, ila mmechelewa sana.”

“Na maziwa?” baba akauliza.

“Maziwa hayana ubaya, mzee. Yamewapotezea siku tu.”

Alimchoma. Mbwa alikufa mchana huohuo barazani pale ofisini, kichwa kikiwa juu ya kandambili za baba. Baba hakuuondoa mguu wake kwa muda mrefu.

Kisha akasema, taratibu kabisa, kama anayenituma dukani, “Nimemuua mwenyewe. Daktari wako akipiga simu, usimfiche. Mwambie mzee wangu ni mjinga, alimwosha maziwa wiki nzima wakati mwenzake anakufa.”

Bwana mifugo alikuwa ameingia ndani. Tulikuwa wawili tu, na nafasi ya kusema ilikuwa ile. Nikamwambia, “Usijilaumu, baba. Hukujua.”

Akanishika mkono. “Asante, mwanangu,” akasema.