Majina Kumi na Moja Mlangoni

Mama Marie-Louise wa maktaba ya mji wetu wa Kindu alikuwa haandiki jina la mtu. Ukitaka kitabu alikutazama usoni, akakupa, ukaenda zako. Vingine vilirudi, vingine ndiyo kwaheri. Mji mzima tuliona ni uzee. Mimi Sandrine, ninayefundisha darasa la sita hapa mtaa wa Kasuku na kupeleka wanafunzi wangu kwake kila Jumatano, nilimcheka kama wengine. Sasa nikimkumbuka sicheki. Yule mama alijua jinsi baba yangu alivyouawa, akafunga mdomo miaka ishirini na miwili, na mtu asiye na kosa akabeba lawama mpaka kaburini.

Zamani aliandika kuliko karani wa mahakama. Maktaba ilikuwa vyumba viwili vya bati, lakini yeye hakukaa humo kungoja watu. Kila Alhamisi alipanda pirogi na sanduku la vitabu, akavuka mto hadi Alunguli, akakaa kwenye baraza ya zahanati. Akina mama waliokuja kupima watoto uzito walimletea barua awasomee, na akishasoma aliwashika vidole awafundishe herufi. Hakuuliza nani Mwislamu nani Mkristo. Aliuliza kitu kimoja tu: utarudisha lini?

Watoto hatukuwa na kadi. Kitabu cha mtoto kiliandikwa kwa jina la baba yake. "Mutoto hashitakiwe," alisema. Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alibandika mlangoni orodha ya waliochelewa, jina na mtaa. Tulimwita Madamu Rudisha. Kuonekana kwenye ile orodha kulikuwa aibu ya familia nzima, na baba yangu Florentin, mwalimu, alinivuta sikio mara mbili kwa sababu hiyo.

Ikaja elfu mbili na mbili. Wapiganaji wa Mai-Mai walizunguka mji, askari walioushika wakawa ndani, na sisi katikati. Shamba uliliona kwa macho, lakini ukienda kuchuma sombe, majani ya muhogo, hujui kama utarudi. Chumvi ikawa dawa. Watu walichana kurasa za vitabu kufungia tumbaku, na hilo ndilo lililomkasirisha Mama Marie-Louise kuliko njaa. Basi Jumamosi ya kwanza ya mwezi akabandika orodha yake, kana kwamba hakuna vita. Majina kumi na moja. Matano yalikuwa ya Alunguli, ng'ambo ya mto, ambako askari walisema kila mtu ni wa Mai-Mai.

La baba lilikuwa la kwanza. Sisi tulikuwa tumeshakimbilia Kasuku, lakini kadi yake ilisema bado Alunguli. Kitabu kilikuwa changu, cha kufuga sungura. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilipenda picha zake, nikakificha chini ya mkeka.

Askari wakaing'oa ile karatasi. Majina na mitaa mlangoni, wakati wa vita, nani atawaambia ni mambo ya vitabu? Jumatatu mchana, baada ya kuulizia kwa wakimbizi wa Alunguli, walikuja kwetu.

"Weye njo Florentin wa Alunguli?"

"Njo miye," baba akajibu. Alitoka vifungo vya shati viko wazi. Siku ile walichukua watu watano, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Sisi hatukujua habari ya karatasi. Tulichojua ni kwamba jana yake jirani yetu Désiré alionekana akiwapa askari sigara. Kikulacho ki nguoni mwako, watu wakasema, na mama yangu akashika hapo hapo. Alimtangaza Désiré muuaji sokoni, kanisani, penye foleni ya maji. Mke wake, Anne, hakuuza tena hata kikwanga kimoja cha muhogo. Mimi mwenyewe niliwarushia watoto wao mawe, na nililenga vizuri. Désiré akakimbilia Pangi kuchimba madini ya kasiterite, shimo likamwangukia mwaka wa elfu mbili na tano. Mama yangu alisema Mungu amehukumu. Alikufa miaka mitano iliyopita, neno hilo bado mdomoni.

Mwaka huu maktaba ikapata mkuu mpya, Blanchard, kijana wa diploma na viatu vinavyong'aa. Akasema bila daftari la wasomaji hakuna mfadhili atakayeleta vitabu. Mama Marie-Louise ama aandike majina, ama aache funguo Ijumaa. Akaniomba nimshawishi, kwa kuwa tunasikilizana. Nikaenda na daftari jipya chini ya kwapa.

"Mama, ni jina tu," nikamwambia.

"Siandike."

"Watakufukuza bure."

Akalisukuma daftari kando. Kisha akasema, bila kunitazama: "Mwanangu, ile mwaka ya vita niliandika majina kumi na moja. Nikabandika pa mulango. Askari njo walitwala ile karatasi. Baba yako alikuwa pale juu kabisa."

Nikamuuliza kuhusu Désiré.

"Désiré hakusema kitu. Miye njo nilijua. Niliogopa mama yako. Kisha Désiré akaondoka, nikasema basi, iko mbali. Kisha akakufa."

Basi! Mtu akikaa mbali uongo unakuwa mwepesi? Nilimtukana mwanamke mwenye umri wa bibi yangu, nikamtukana tena. Kuhusu kitabu changu cha sungura sikumwambia kitu. Alijua, kalamu ilikuwa yake. Hakunitupia neno hilo, na kwa hilo nilimchukia zaidi.

Ijumaa Blanchard alichukua funguo. Wazazi wa wanafunzi wangu walitaka tuandike barua ya kumtetea yule mama, nikakataa kutia sahihi. Alhamisi hakuna anayevuka tena na sanduku.

Lakini la Désiré lilininyima usingizi. Jumapili nikaenda mtaa wa Mikelenge kwa Anne. Nilimkuta anatwanga sombe. Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya majirani zake, nikamweleza yote, orodha, kitabu changu, ukimya wa Mama Marie-Louise, mawe. Nikaomba msamaha kwa niaba ya mama yangu.

Alitwanga mpaka nikamaliza. Kisha akaweka mchi chini.

"Mama yako alisema mbele ya watu wote kama bwana yangu njo muuaji," alisema. "Wengi wao wamekufa wanajua vile. Na ye mwenyewe. Enda uwaambie bale wafu kwanza, kisha urudie kwangu."

Akaokota mchi, akaendelea kutwanga.