Mtende wa Sebuleni

Juzi, dukani Suneka, niliona mtende wa chungu wenye majani ya manjano, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu Ekerenyo. Baba alikuwa amefariki, na baba mdogo alisimama sebuleni akiutazama mtende wetu.

"Hata huu umekufa. Utupe, ufungashe, urudi kwenu," alimwambia mama.

Nilidhani mtende ukifa ndipo tutafukuzwa. Mama aliung'oa, na sebule ikanuka matope yaliyooza. Alikata mizizi myeusi, akatoboa chungu chini, akaupanda upya kwenye udongo mkavu.

"Ni maji tu yaliyozidi, shemeji," alisema. "Hautoki hapa. Wala mimi sitoki."

Sasa najua baba mdogo alilitaka shamba la majani chai aliloliacha baba. Mama angali anachuma chai humo.